Au

Sehemu ya 14 ya Prison Break iliishia Lincoln Burrows akiwa amefungwa mikanda kwenye kiti cha umeme. Kaka akabonyeza rimoti kwenda ya 15. Deki ikanguruma, ikatulia, ikanguruma tena, halafu ikakataa. Akaitoa diski, akaifuta kwa ncha ya fulana, akaipulizia, akairudisha. Ikakataa. Chumbani tulikuwa watu 11, wengine kitandani, wengine mkekani, na mtoto mmoja wa jirani alikuwa amesimama mlangoni kwa sababu nafasi ya kukaa ilikuwa imekwisha. Kaka akairuka ile ya 15, akaweka ya 16, na hiyo ikacheza bila tatizo.

Humo Lincoln alikuwa hai, tena mtu huru kabisa, anatembea zake Chicago. Mdogo wake, Michael Scofield, ana nywele kichwani na mwili wake hauna tatuu. Sucre, aliyekuwa akilala seli moja na Michael, hajafungwa, yuko na mchumba wake. Daktari Sara Tancredi hajaanza kazi gerezani. Jela yote ilikuwa imefutika. Tulikaa kimya tukitazamana, mpaka yule mtoto wa mlangoni akasema taratibu, "Wamempa maisha mengine."

Ilikuwa Desemba 2007, Ngamiani, Tanga, nyumba yetu ya barabara ya 12. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha pili. Leo najua kwamba sehemu ya 16 ya msimu wa kwanza wa Prison Break inarudi miaka 3 nyuma ili kueleza kila mmoja alifikaje jela. Lakini sisi kipande cha katikati tulikikosa, na kwa kukikosa tuliona kitu kingine: watu walewale, sura zilezile, ulimwengu mwingine. Hadithi zote nilizoandika tangu siku ile zimetoka kwenye mkwaruzo wa diski moja.

Kwa ambao hawakuiona, na siku hizi mpo wengi: Prison Break ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 29 Agosti 2005. Lincoln amehukumiwa kifo kwa kumuua kaka wa Makamu wa Rais, kosa ambalo hakulitenda. Mdogo wake Michael, mhandisi wa majengo, anajichora mwilini ramani nzima ya gereza la Fox River, imefichwa ndani ya michoro ya malaika na mashetani, halafu anavamia benki kusudi afungwe humohumo akamtoe kaka yake. Sehemu kubwa ya msimu ule wa kwanza walipigia picha kwenye gereza la kweli la Joliet, Illinois, lililofunguliwa 1858 na kufungwa 2002. Ndiyo maana kuta zile zilikuwa na uzito. Hata kwenye televisheni yetu ya inchi 14 uliweza kuhisi ubaridi wake.

Tanga tuliipata kama tulivyopata kila sizeni wakati huo, kwa diski za kunakiliwa zilizoshushwa kutoka Kariakoo, diski moja imeshindiliwa sehemu chungu nzima hadi picha inakuwa na ukungu. Maandishi ya chini hayakuwepo, au yalikuwepo kwa Kichina. Na hapo ndipo kaka yangu anapoingia.

Wa rika langu mnakumbuka picha za kutafsiriwa, na mnaikumbuka sauti ya Lufufu ikifunika mazungumzo ya wazungu na Wachina, akiongeza chumvi anapotaka, akimpa adui kabila na stelingi methali. Kaka ndiye aliyekuwa Lufufu wetu. Alimaliza kidato cha nne 2002, akapata daraja la pili, na hakuendelea, kwa sababu mwaka huohuo baba alifariki na nyumbani tulibaki na mama, mimi na wadogo 2. Akaenda kufanya kibarua bandarini. Kiingereza chake kilikuwa cha darasani, kimeongezwa kidogo na mabaharia. Alikaa pembeni ya televisheni, kidole kwenye kitufe cha kusimamisha, anatutafsiria sentensi baada ya sentensi. Kwa hiyo Lincoln niliyemfahamu mimi alizungumza kama kuli wa bandari ya Tanga, maana aliyempa sauti alikuwa kuli wa bandari ya Tanga. Alisema "oya", alisema "dogo tulia". Nilipokuja kumsikia Dominic Purcell kwa sauti yake mwenyewe, miaka mingi baadaye, ilinichukua muda kumkubali.

Kuna mahali kaka alinyamaza, na ilikuwa kwenye sehemu hiyohiyo ya 16. Veronica, mpenzi wa zamani wa Lincoln, anaongea na Michael, uso wa Michael unabadilika, na mfasiri wetu hasemi kitu. Tukamsukuma: wanasemaje? Akajibu, "Mambo ya hela tu." Akapeleka mbele.

Januari nikarudi shuleni. Nilikuwa nasoma bweni, huko juu Usambara, na ada alilipa yeye. Hilo halikuwa siri nyumbani. Kila nilipofungua shule alinisindikiza stendi na bahasha mfukoni, anaihesabu mara ya mwisho kabla ya kunipa. Bwenini hatukuwa na televisheni, kwa hiyo aliyetoka likizo na picha mpya alikuwa na mali. Taa zikizimwa unaitwa: "Fulani, hebu hadithia." Nami nilikuwa na Prison Break, usiku 3 hadi 4 kwa wiki, wasichana wamejifunika mablanketi, mvua ya Usambara inapiga mabati.

Usiku nilipofika kwenye kiti cha umeme niligundua kwamba sina cha kusema. Ningeweza kukiri kwamba diski iligoma. Sikukiri. Nikahadithia sehemu ya 15.

Katika sehemu ya 15 yangu umeme ulikatika. Michael alikuwa ameshajaribu kukiharibu kile kiti kwa kumtumia panya kwenye nyaya, wakakitengeneza kimyakimya. Hilo tuliliona kwenye ya 14. Basi mimi nikaikata Illinois nzima. Mkuu wa gereza anashusha mkono, swichi inalia, na giza linaingia. Jenereta ina dizeli ya dakika 3. Mgao wa 2006 ulikuwa bado mbichi vichwani mwetu, tulikuwa tumefanyia mitihani vibatari, hivyo hakuna aliyeona ajabu. Niliwasikia wakivuta pumzi gizani. Mmoja alilia. Mimi mwenyewe nilikuwa natetemeka, maana sikujua kwamba mtu anaweza kushika kamba ya hadithi ya watu wengine kabisa, watu wa mbali wenye makamera na malori ya taa, akaivuta, na ikaja.

Sehemu ya 15 ya kweli niliiona 2010: jaji anapata ushahidi kutoka kwa mtu asiyejitaja, anaahirisha hukumu kwa wiki 2. Ni nzuri. Lakini rafiki yangu wa bweni, ambaye leo ni muuguzi, bado anaikumbuka ile ya umeme, na nilipomwambia ukweli mwaka jana alikataa katakata. Kwake Lincoln aliokolewa na giza.

Sasa kuna jambo la stelingi. Tulilelewa na sheria moja ya picha: stelingi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atachomwa kisu cha tumbo, mwisho atainuka amalizane na adui. Kwenye banda la video swali la kwanza la aliyechelewa lilikuwa "stelingi nani?", kwa sababu ukishamjua huyo, mengine unaweza kuyavumilia. Kwa Prison Break hapakuwa na ubishi, stelingi alikuwa Michael.

Msimu wa 3 ulipofika, Lincoln akafungua boksi, na ndani ya boksi kulikuwa na kichwa. Tukaambiwa ni cha Sara. Yule daktari aliyeacha mlango wa zahanati wazi usiku wa kutoroka, mlango ambao bila huo hakuna hadithi, anauawa nje ya kamera na kuletwa kama mzigo. Kaka alizima deki. Alikasirika kama mtu aliyedhulumiwa sokoni. Watazamaji wa Marekani nao walikasirika, tena kwa sauti, na msimu wa 4 ulipoanza 2008 Sara akarudi: kile kichwa, wakasema, kilikuwa cha mwanamke mwingine. Wengi walilicheka lile geuzi. Mimi lilinipa nguvu. Kumbe hata wenye kamera wanaweza kubishiwa. Kumbe kilichokwisha kuonyeshwa kinaweza kufunguliwa tena.

Mwisho wa msimu wa 4 ulionyeshwa kwao Mei 2009, mimi nikauona Desemba, nimeshamaliza mtihani wa kidato cha nne, nipo nyumbani nasubiri matokeo. Miaka 4 imepita ndani ya hadithi. Sara ana mtoto. Lincoln yupo, Sucre yupo, Mahone wa FBI aliyekuwa akiwasaka yupo, wote wamekuja makaburini, na jina kwenye jiwe ni Michael J. Scofield. Katika picha ya nyongeza iliyofuata tunaonyeshwa jinsi alivyojitoa, akaruhusu umeme umpitie ili mlango ufunguke na Sara atoke gerezani.

Umeme tena. Ule niliouzima mimi bwenini wakauwasha kwa mdogo mtu.

Kesho yake nilichukua kauntabuku ya kwaya 2 iliyobaki na kurasa nyingi za fizikia ambazo hazikuandikwa, nikaanza kuandika. Hii haikuwa ya kuhadithia tena, ilikuwa ya kalamu. Kaburi ni tupu, niliandika. Ndani yake kuna suti. Michael yuko mahali, amejeruhiwa, hajui jina lake, na mtu mmoja ndiye anayejua. Nilijaza kurasa 46 kabla matokeo hayajatoka. Niliandika kwa Kiswahili bila kujiuliza, kwa sababu watu wale walikuwa wameishi chumbani kwetu kwa Kiswahili.

Aliyewahi kusubiri matokeo anajua kinachofuata: kozi ya kompyuta. Kaka alilipia na hiyo. Miezi 3, kuchapa na kutuma barua pepe, na anayemaliza zoezi mapema anaachiwa intaneti dakika 20. Nilitafuta jina la Scofield. Nilitegemea picha. Nikapata hadithi, maelfu, kwenye FanFiction.net, tovuti ya hadithi zinazoandikwa na mashabiki, ambayo ilikuwepo tangu 1998 bila mimi kuwa na habari. Wanawake kwa wanaume, wa Australia, wa Brazili, wa Poland, wanaandika kilekile nilichokuwa nacho kwenye kauntabuku. Kaburi tupu pekee yake lilikuwa na hadithi nyingi kuliko nilizoweza kusoma.

Na juu ya nyingi ya hadithi hizo kulikuwa na herufi 2: AU.

Nilisoma kwa Kiswahili. Ningesomaje vingine? Nilidhani ni neno letu, nikashangaa limefikaje huko. Au. Lincoln alikopa, au. Sara aliacha mlango wazi, au. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba ni kifupi cha Kiingereza cha ulimwengu mbadala, hadithi inayowachukua wahusika na kuwahamishia kwenye maisha ambayo kipindi hakikuwapa: hakuna jela, hakuna njama, Michael na Sara wanakutana kwenye foleni ya benki. Hata baada ya kuelewa sikuiacha ile maana ya kwanza, na sijaiacha mpaka leo. Neno "au" kwa Kiswahili linaacha milango 2 wazi kwa wakati mmoja. Chai au kahawa, na vyote vipo mezani. Huo ndio uandishi huu. Ile ya televisheni haifutwi. Inawekewa nyingine pembeni.

Baadaye nilijifunza kwamba mambo haya ni ya zamani. Mashabiki wa Star Trek walikuwa wanachapa jarida lao, Spockanalia, tangu 1967, na mwaka huohuo kipindi chenyewe kilirusha sehemu ambapo nahodha Kirk anajikuta kwenye chombo kilekile, na watu walewale, ila katika ulimwengu ambao wote ni makatili. Walipata mkwaruzo wao, nasi tukapata wetu.

Lakini kwa kweli mimi sikuhitaji kwenda mpaka Marekani kutafuta mababu wa kazi hii. Abunuwasi unayemjua wewe, yule wa kumdanganya jirani kwamba sufuria imezaa, alianza kama mshairi wa kweli wa Baghdad, mtu wa mvinyo na mapenzi. Nani alimchukua akampa punda na ujanja wa pwani? Wasimulizi, kizazi hadi kizazi, bila kuomba ruhusa. Na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, na rafiki yake Najum anayeshangaa kila kitu: msomaji yeyote wa Sherlock Holmes anamtambua kwa mbali, ila huyu yuko Unguja, na mafumbo yake yanahusu mizimu, mashamba na urithi. Nilimsoma shuleni kama riwaya ya upelelezi. Niliporudi kumsoma nikiwa na ile "au" kichwani, niliona jinsi kazi inavyofanyika. Hakuhamisha kofia na kioo cha kukuzia, alihamisha namna ya kufikiri. Kiungo kilichobaki kilikuwa mfupa, na nyama yote ilikuwa ya Unguja.

Nikaanza kumhamisha Michael.

Nilidhani itakuwa rahisi. Nilimfanya mhandisi wa bandari. Sara muuguzi wa hospitali ya Bombo. Sucre akawa kijana wa Pangani anayetaka kuoa na mahari haijatimia, na huyo alihama bila shida hata kidogo, alikuwa kama alizaliwa Pangani. Abruzzi, yule bosi wa mafia, akawa tajiri wa malori. Ukuta niligonga kwenye tatuu. Mwanamume wa Tanga wa familia ya Kiislamu hajichori mwili mzima, na ukimlazimisha anakuwa mtu mwingine. Nilikaa na jambo hilo miezi. Kisha siku moja nilikuwa barazani kwa shangazi, anashona kofia ya vito, ile ya mkono, tundu kwa tundu, ua kwa ua, kazi ya wiki na wiki, na nikauona mchoro. Ramani iko kwenye kofia. Michael ameishona mwenyewe, usiku, miezi 8, na anaingia nayo mbele ya askari wote, imekaa kichwani pake, na hakuna anayeisoma kwa sababu kila mmoja ameona kofia tangu azaliwe.

Siku ile nililia barazani, shangazi akadhani nimepata habari mbaya. Nilikuwa nimeelewa kwamba tatuu haikuwa tatuu. Ilikuwa kuvaa siri mahali pa wazi. Jela, pete, bunduki, lafudhi, vyote vinaweza kwenda, mradi ujue kila kimoja kilikuwa kinafanya kazi gani kabla hujakitoa. Waandishi wengi wachanga wa ulimwengu mbadala, nami nilikuwa mmoja wao, tunahamisha majina na kuacha kazi nyuma, halafu tunashangaa kwa nini Michael wetu amegeuka kijana mzuri tu asiye na jambo.

Kwa njia ya kutorokea niliwapitisha Amboni. Mapango yale yana habari zake, maana ndiko inakosemekana Osale Otango na Paulo Hamisi walijificha miaka ya 1950 serikali ya mkoloni ikiwatafuta, na wazee wa Tanga hawakubaliani hadi leo kama walikuwa majambazi au mashujaa. Neno langu tena. Nilivyoandika sura ile nilihisi nimeirudisha hadithi mahali ambapo ilikuwa inasubiriwa.

Mwaka 2017 Prison Break yenyewe ilirudi, sehemu 9. Lincoln anafukua kaburi la mdogo wake, na jeneza halina maiti. Michael yu hai, yuko gerezani Sana'a, Yemen, kwa jina la Kaniel Outis. Rafiki zangu wakanipigia: umeona, walikusikia! Mashabiki wa dunia nzima walikuwa wameandika kaburi tupu, si mimi peke yangu. Lakini furaha niliyoitegemea haikuja. Michael wao wa 2017 nilimpokea kama mgeni mwenye jina la ndugu yangu. Nilikuwa nimeishi miaka 7 na wangu.

Na ile Yemen iliniuma. Sisi watu wa Tanga tuna Washihiri, Waarabu wenye asili ya Yemen, tumekua nao, wametuuzia kahawa na halua, wametuoa na tumewaoa. Nilitazama sehemu ya kwanza na jirani ambaye babu yake alitoka Hadhramaut kwa jahazi. Picha zilipigwa Morocco. Jirani alitazama vumbi na bunduki na watu wasio na majina, kisha akauliza ni nani kati ya wale anayeishi pale, nani ana duka, nani ana mama. Vita ya Yemen ilikuwa ya kweli mwaka ule na watu walikuwa wanakufa kwa kweli, na kipindi kiliwatumia kama ukuta wa nyuma. Niliandika hadithi fupi moja baada ya hapo, ya muuza duka wa Sana'a ambaye mzungu mtoro anapita mbele ya duka lake mara moja na haonekani tena. Muuza duka ndiye stelingi. Na hafi.

Hii ya mwisho ndiyo niliyokuwa naikwepa tangu nilipoanza kuandika makala haya.

Nilipoiona sehemu ya 16 upya, 2010, ikiwa na maandishi ya chini, nilifika pale kaka aliponyamaza. Veronica anamwambia Michael kuhusu zile pesa zilizomsomesha. Michael aliamini ni bima ya marehemu mama yao. Haikuwepo bima. Lincoln alikopa dola 90,000 kwa watu wabaya, akampa mdogo wake asome, akasingizia mama. Na ni deni hilo lililomfikisha Lincoln kwenye gari lile, usiku ule, na bastola mkononi. Jela nzima, kiti cha umeme, vyote vimetoka kwenye ada.

Mambo ya hela tu.

Sikumuuliza. Sisi nyumbani hatuulizani hivyo. Ila nilianza kuandika hadithi nyingine, na hiyo ilichukua muda kuliko zote: Lincoln hakukopa. Ni hilo tu nililobadilisha. Nilitaka kumtua mzigo. Kila jioni nilimwandikia siku nzuri. Anafungua gereji. Anamuoa Veronica. Analala usingizi. Na Michael, bila zile pesa, anaacha masomo mwaka wa kwanza, anapata kazi ya ghala, anahama mji. Wanapigiana simu sikukuu, kisha hawapigiani. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Niliandika kurasa 100 na zaidi na hazikuwa na joto, na kila nilipojaribu kuwakutanisha mezani walikosa la kuongea. Nilimpa kaka mtu amani, na nikamnyima ndugu. Sikujua nifanye nini, nikaiacha.

Mwaka jana wakati wa Idi nilipanda na kaka kwenye lori lake kutoka Tanga kwenda Moshi. Sasa ana lori, alianza utingo akapanda. Njia ndefu, mkonge pande zote, redio imeharibika. Akaniuliza, kama alivyoniuliza mara nyingi, bado unaandika yale mambo ya Scofield? Nikasema naandika. Akasema, basi hadithia.

Nikamhadithia ile. Tangu Segera hadi karibu na Same, yote, gereji, ndoa, usingizi. Hakunikatiza. Tulipofika kwenye vilima, akapunguza gia, akauliza:

"Sasa huyo mdogo mtu, hakumaliza shule?"

"Hakumaliza, kaka. Hela haikuwepo."

Alinyamaza, macho barabarani. Lori la mbele likatuonyesha indiketa, akalipita, akarudi upande wake.

"Hiyo futa," akasema. "Irudishe ile ya mwanzo."